Kumtafuta J. Otieno

Mwezi uliopita nilikwenda Homa Bay kumzika Mama Jerusa Otieno, na huko nikaulizwa swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu. Hema lilikuwa limejaa. Kwaya ya Wasabato ilikuwa imeimba mpaka sauti zikakauka, watoto walikuwa wamesema, wakwe wamesema, walimu wastaafu wamesema. Kila mtu alikuwa na kijitabu cha mazishi magotini, chenye picha ya marehemu amevaa kofia nyeupe. Nilikisoma kutoka jalada hadi jalada. Kilieleza alikozaliwa, alikobatizwa, watoto wake, wajukuu wake na ugonjwa uliomchukua, na kuhusu kazi yake kilisema tu kwamba alifundisha wakulima kwa miaka mingi. Nikainua mkono. Emsii, kijana mcheshi mwenye suti iliyombana mabegani, alinileta mbele na kuniuliza kitu kwa Kidholuo. Nilipomjibu kwa Kiswahili alitabasamu, akawageukia watu. "Haya, tumepata mgeni. Anaitwa Robi, ametoka huko Kehancha kwa Wakuria. Sasa Madam, tusaidie kidogo. Wewe ni nani kwa marehemu?" Akanipa kipaza sauti. Nilikishika kwa mikono miwili, nikatazama zile nyuso zilizokuwa zikingoja, na mwaka mzima wa ujana wangu ukanijia pale mbele ya jeneza.

Mwaka huo nilikuwa nikiandika tasnifu ya sayansi ya chakula. Tuliishi Migori mjini, mimi na rafiki yangu Gati, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Tulikuwa na kitanda kimoja, jiko moja la mafuta, sufuria mbili na laptopu moja iliyokuwa ya Gati kwa jina na ya wote kwa matumizi. Asubuhi ilikuwa yangu, alasiri ilikuwa yake. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mawe na wa upande wa pili wa plaiwudi, na nyuma ya plaiwudi aliishi fundi cherehani kutoka Kakamega na mkewe Mjaluo, ambao waligombana na kupatana kwa Kiswahili, nasi tukasikia yote. Tulikula ugali wa unga wa muhogo na wimbi uliotoka kwetu, omena za kukaanga na sukuma, siku baada ya siku, na hata leo nikisikia harufu ya omena kwenye mafuta moto ninaliona lile dirisha dogo na waya tuliouninginiza laptopu ipate mtandao. Nikiwasimulia watu kwamba nilipata taabu chuoni wanadhani nilikosa chakula. Chakula kilikuwepo. Tulichokosa ni vitu vya kusoma.

Chuo chetu kilikuwa na njia ya kuingia kwenye majarida makubwa ya ng'ambo, kisha siku moja neno la siri likaacha kufanya kazi, na kila tuliyemuuliza alisema jambo hilo linashughulikiwa. Tangu hapo ukiifungua makala unaonyeshwa ikisiri, aya moja tamu inayokuahidi kila kitu, halafu unaombwa dola. Tukajifunza kuishi kwa ikisiri. Tukajifunza pia kuzunguka: kutafuta kichwa cha makala kizima neno kwa neno, kupekua kurasa za vyuo wanakofundisha waandishi, maana wengine huweka nakala zao huko bila malipo, na kuwaandikia waandishi wenyewe kwa adabu. Kuna waliotutumia siku hiyo hiyo na kututakia heri. Wengi hawakujibu. Kila tulichokipata tulikiingiza kwenye programu ya kupanga marejeo, ile ambayo ukiandika jina la mwandishi inakupangia orodha yenyewe mwishoni mwa tasnifu. Kwa kuwa laptopu ilikuwa moja, maktaba yetu humo ndani ilikuwa moja pia. Mihogo yangu ilikaa pamoja na maziwa ya Gati, maana yeye alikuwa akiandika kuhusu ng'ombe wa maziwa, na hatukuona ubaya wowote. Tulichanga unga, tulichanga sabuni, kwa nini tusichange waandishi?

Utafiti wangu ulihusu jambo nililozaliwa nikalikuta. Kwetu muhogo mchungu humenywa, hukatwa, kisha hurundikwa pembeni mwa jiko na kufunikwa kwa majani na gunia mpaka uote ukungu. Ukungu huo hukwanguliwa, vipande vinapondwa na kuanikwa, ndipo vinasagwa. Akina mama wanasema sumu huondoka humo kwenye rundo. Mimi nilikuwa nimepima sumu iliyobaki katika unga uliokwisha kusagwa. Kiasi kilichokuwamo kabla ya kurundika sikukipima, kwa sababu makala zote nilizosoma zilikuwa zimekichukua kwa mtu mmoja aliyeitwa J. Otieno, aliyefanya kazi hiyo zamani katika sehemu zetu hizi, nami nikafanya kama wenzangu. Makala zote zilisema Otieno alionyesha kwamba rundo likifunikwa vizuri sumu inakwisha. Nililiandika jina lake karibu kila ukurasa.

Msimamizi wangu, Daktari Ochola, alikuwa na desturi moja iliyowatoa wanafunzi jasho. Kabla ya kutia sahihi alikuambia ulete nakala ya kila makala uliyoitaja. Anaziweka mezani, anafungua tasnifu yako popote, anaweka kidole kwenye jina na kuuliza, "Shahidi huyu umemwona?" Ukisema ndiyo, unamtoa kwenye rundo la karatasi na kumwonyesha aliposema hayo. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kupandisha sauti, na ndiyo maana aliogopwa. Siku yangu ilipofika mashahidi wote walijitokeza vizuri mpaka kidole kilipomfikia Otieno. Nikamwambia nimemsoma kupitia kwa wengine. "Kupitia kwa wengine," akarudia polepole. "Yaani umesikia jirani akisema kwamba jirani mwingine alisema. Robi, hapa kwenye sura ya nne, huyu ndiye amebeba kila kitu. Mtoe, unabaki na unga tu. Nenda ukamtafute." Nikamkumbusha kwamba majina ya wahitimu yanafungwa mwisho wa mwezi wa nane. Akasema analijua hilo. Alijua pia, kwa kuwa ni yeye aliyeniandikia barua ya kunipendekeza, kwamba chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kimenipa nafasi ya kusimamia maabara yake endapo tu ningehitimu mwaka huo. Sikuwa na ahadi nyingine yoyote duniani.

Basi nikaanza kumtafuta. Programu yetu ilikuwa na rejeo lake kamili: jina, mwaka, jarida, kurasa. Nilikwenda saiba kutafuta kwa mtandao wa kulipia, nilikwenda maktaba ya chuo, niliwaandikia wakutubi wa Nairobi na wa nje ya nchi. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba jarida hilo lipo, mwaka huo upo, lakini makala ya namna hiyo haimo. Niliwaandikia wataalamu waliokuwa wamemnukuu, na mmoja alijibu kwa unyenyekevu kwamba yeye naye alimtoa kwa mwenzake. Nikawaandikia watu wenyewe wanaoitwa J. Otieno. Mmoja alikuwa daktari wa meno. Mwingine alipima ardhi, akanitakia baraka tele na kuniuliza kama nimeokoka. Siku zilikwenda hivyo. Nilikuwa nikiamka nimekaza meno. Gati akiniwekea chai inapoa mbele yangu, na nikizungumza na mama yangu kwenye simu nilimwambia kazi imebaki kidogo. Nilifikia mahali pa kuamini kwamba hakuna Otieno, kwamba watu wazima wenye vyeo walikuwa wamekubaliana kumtaja mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na kwamba mimi peke yangu ndiye ningeadhibiwa.

Tulikuja kuujua ukweli wakati tukikagua orodha nzima kwa sauti, mimi nikisoma kwenye kioo, Gati akiweka alama kwenye karatasi. Nyuma ya plaiwudi mke wa fundi akauliza, "Hawa wasichana wanaombanga nini siku hizi?" Fundi akamjibu, "Si maombi. Ni majina ya watu wanasoma." "Watu gani?" "Sijui. Labda ni wale walikufa." Gati akaziba mdomo asicheke. Mimi nilikuwa nimefika kwa Otieno na kwa mara ya kwanza nikalisikia jina la jarida kwa masikio yangu mwenyewe.

"Gati," nikasema, "makala ya mihogo inafanya nini kwenye jarida la mifugo?"

Kicheko kikafutika usoni mwake. Akaweka kalamu chini. "Mimi niliwaunganisha," akasema.

"Uliunganisha nani?"

"Hao Otieno J. Walikuwa kama saba hivi, wako wako tu, nikaona maktaba imekuwa chafu. Programu ikaniuliza kama ni mtu mmoja amejirudia, nikasema ndio. Si nilikuwa nataka kusafisha tu."

"Gati, hapa ni kwa Wajaluo. Kila kijana aliyezaliwa usiku ni Otieno. Unajua usiku una watoto wangapi?"

"Ningejua aje? Mimi nilidhani ni profesa mmoja ako na bidii sana."

"Na kwetu ukiita Mwita sokoni, wanageuka wangapi?"

"Wengi."

"Wao pia ungewaunganisha?"

Akaanza kulia. Programu ilikuwa imechukua kichwa cha makala ya mmoja, mwaka wa mwingine na jarida la wa tatu, ikatengeneza mtu mmoja asiyekuwepo, nami nilikuwa nimemkimbiza mtu huyo nchi nzima. Rejeo la kwanza lilikuwa limefutika. Nakala nilizokuwa nazo zilimtaja kupitia kwa wengine tu, na ile nilikolitoa rejeo ilikuwa nyuma ya lile neno la siri lililokufa. Miaka imepita na Gati, ambaye leo ni mwalimu mkuu Kehancha, bado namtania kwamba aliwahi kumwozesha mama wa watu kwa daktari wa ng'ombe. Siku ile sikuwa na utani. Nilitoka nje nikasimama karibu na choo cha ploti, mahali pekee ambapo mtu angeweza kuachwa peke yake, nikalia mpaka kifua kikauma.

Kilichobaki ni kurudi maktaba ya chuo na kuziangalia tasnifu kuukuu kwenye rafu ya chini, zile za enzi za mashine ya taipu ambazo hakuna aliyeziweka kwenye mtandao. Nilizisoma kuanzia nyuma, marejeo tu, nimekaa sakafuni vumbi likinipanda puani. Katika moja kuhusu nafaka nikamkuta. Otieno, J., na baada ya jina, kwenye mabano, walikuwa wameandika Bi. Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu, kwa sababu tangu mwanzo nilikuwa nimemwona kichwani mwangu kama mwanamume mwenye miwani. Makala yake haikuwahi kuchapwa kwenye jarida lolote. Ilisomwa kwenye kongamano la walimu wa kilimo Homa Bay, zikagawiwa nakala chache. Kesho yake nilikuwa Homa Bay, mlangoni pa ofisi ya kilimo, nikimuuliza mzee aliyekuwa akimwagilia maua kama amewahi kumsikia mtu huyo. "Jerusa?" akasema. "Jerusa yuko. Panda huko juu upande wa mlima Asego, uliza Mwalimu Jerusa wa mihogo. Hata watoto watakuonyesha."

Nilimkuta amekaa barazani kwake, mama mrefu mwenye mikono mikubwa, akichambua mchele kwenye uteo. Kabla sijasema lililonileta alinipa maji, kisha chai, kisha samaki na ugali, na alikataa kabisa kusikiliza mtu mwenye njaa. Nilipomaliza nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa mchele.

"Nyara," akasema, akiniita binti yake kwa Kidholuo, "umetoka Migori kwa sababu ya ile karatasi yangu?"

"Ndiyo, Mama. Kila mtu anaitaja. Ukisoma habari za mihogo ya huku, lazima ukutane na jina lako. Mpaka Ulaya."

"Mpaka Ulaya." Akatazama mikono yake. "Na mimi sijaulizwa na mtu hata siku moja. Wameisoma wapi?"

Akainuka, akanipeleka kwenye stoo nyuma ya nyumba, akanionyesha kasha la mbao lililowekwa juu ya mawe. Alikuwa na nakala moja tu, akasema, na ilikuwa humo. Tukalishusha. Lilikuwa jepesi mno na nikajua kabla hatujafungua. Mchwa walikuwa wamepanda kwenye mawe na kuingia kwa chini. Karatasi zote zilikuwa zimegeuka udongo wenye umbo la karatasi, na tulipozigusa zikaanguka. Ukurasa wa jina ulikuwa umebaki nusu. Mwishoni kabisa ulibaki ukurasa mmoja mzima, na ulikuwa orodha ya watu ambao yeye aliwanukuu. Nilipiga magoti pale nikaipekua ile taka kwa vidole nikitafuta hata tarakimu moja, mpaka Mama Jerusa akaniwekea mkono begani. "Acha, nyara. Imeenda." Sauti yake haikuwa ya mtu anayenifariji. Yeye pia alikuwa amepoteza kitu, na alikipoteza siku ile ile aliyoambiwa kwamba kilikuwa na thamani.

Tulipokaa tena aliniuliza swali moja. "Hao watu wanasema nilisema nini?"

"Wanasema ulisema rundo likifunikwa vizuri, sumu inakwisha."

Akakunja uso. "Sikusema inakwisha. Nilisema inapungua. Ningesema inakwisha, si ningeua watoto wa watu?"

Nililirudisha jambo hilo kwa Daktari Ochola kama lilivyokuwa. Alizunguka meza, akasimama dirishani. Akasema ninaweza kuandika kwamba mwandishi ameniambia hayo ana kwa ana, kuna namna ya kuliandika, na hilo ni halali. Lakini maneno ya mdomoni hayawezi kubeba hesabu za sura nzima. Lazima mtu apime upya, kuanzia muhogo unapochimbwa. Nikamwambia orodha inafungwa karibuni. "Najua," akasema, na ndipo nilipogundua kwamba hata yeye macho yalikuwa yamelowa. "Ningeweza kutia sahihi, Robi. Halafu wewe ungekuwa shahidi mwingine wa uongo, na kuna mtoto mahali atakula huo ugali." Jina langu halikuingia. Siku ya mahafali nilimfunga Gati joho lake, nikampiga picha mbele ya maua, nikarudi chumbani Migori nikalala mchana kutwa nimevaa viatu. Kile chuo cha ufundi kilinipigia simu mara moja kuuliza, kisha kikamchukua mtu mwingine. Sijui nilikuwa na umri gani siku hiyo. Nilijiona bibi kizee aliyeshindwa.

Aliyeniokoa, kama kuokolewa ndiko huko, ni Mama Jerusa. Alinipigia akasema pembeni mwa jiko lake kuna nafasi ya rundo, na kwamba yeye usingizi haumjii tangu siku ya kasha. Nikahamia Homa Bay na gunia la mihogo michungu kutoka Kehancha. Tulimenya pamoja, tukarundika, tukafunika kwa majani ya mgomba. Nilipima kwa vile vikaratasi vya njano vinavyogeuka kahawia vikikutana na sumu. Harufu ya ukungu ilijaa nyumba nzima na binti yake Mildred akalalamika kwamba nguo zake za kanisani zinanuka muhogo, naye mama akamwambia Mungu amezoea. Kila nilipotoka na vikaratasi vyangu aliniuliza tukiwa mezani, kabla ya sala, "Imekwisha?" Nami namjibu, "Imepungua, Mama." Anatikisa kichwa na kuanza kugawa samaki. Ilipungua sana, lakini haikuwahi kwisha. Nilipima mpaka nikaridhika, kisha nikapima tena kwa woga. Mwaka ukaisha nikiwa jikoni mwa mwanamke ambaye hatukuwa na kabila moja, wala dini, wala undugu wa aina yoyote. Nilihitimu mwaka uliofuata. Nilimpelekea tasnifu iliyofungwa kwa jalada gumu, akaenda moja kwa moja mwishoni, akatafuta herufi ya O, akaweka kidole juu ya jina lake na kukiacha hapo.

Leo wanafunzi wananiandikia mimi wakiomba nakala za makala zangu, nami huwatumia kabla sijanywa chai. Wengi bado wanaandika kwamba Otieno alisema sumu inakwisha. Nimewasahihisha nimechoka. Na yote hayo hayangetoshea kwenye kipaza sauti cha mazishi, mbele ya watu waliobanana hemani, jeneza likingoja na mchungaji akitazama saa. Emsii alinisogelea. Akadhani sikulielewa swali, akalirudia taratibu kwa sauti ya kunisaidia. "Madam, wewe ni nani kwa marehemu? Ni jirani? Ni mwanafunzi wake?"

Nikasema, "Marehemu aliandika makala moja muhimu sana. Mimi nimekuja kwa sababu ya makala hiyo."

Watu wakapiga makofi kidogo. Walimu wastaafu wakatazamana. Mildred, aliyekuwa ameketi karibu na jeneza, aliinua kichwa. Emsii akafurahi kupata kitu cha kushika. "Ala, kumbe mama alikuwa mwandishi. Haya tuambie kidogo, hiyo makala inasema nini?"

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kuisoma."